Faili la Kompyuta Nalo Huoza: Elimu ya Uzamili katika Utunzaji wa Kumbukumbu za Kidijitali

Katika ofisi ya kijiji, kitu chenye thamani kuliko vyote vilivyomo si meza wala kabati, bali ni daftari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakitaka kila kijiji kiwe na masjala ya ardhi, na humo ndimo huandikwa nani anamiliki shamba gani na limepakana na la nani. Mkazi wa Nyamahanga aliyekwisha kupata hatimiliki ya kimila anaweza kuifungia sandukuni nyumbani, lakini karatasi hiyo ni nusu tu ya kinga yake. Nusu ya pili ni kumbukumbu iliyobaki ofisini. Siku mpaka utakapobishaniwa, au mzee atakapofariki na watoto wakatofautiana juu ya urithi, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Maadui wa daftari wanajulikana tangu zamani: mchwa, panya, bati linalovuja, moto, na mkono wa mtu anayechana ukurasa. Kwa sababu hiyo wengi walifurahi kumbukumbu zilipoanza kuingizwa katika kompyuta, vishikwambi na mifumo ya Serikali. Ilidhaniwa kwamba mchwa hawali kompyuta, basi hatari imekwisha. Haijakwisha, imebadili sura. Makala haya yanaeleza jinsi kumbukumbu za kidijitali zinavyopotea, elimu ya kuzitunza inayotolewa katika ngazi ya shahada ya uzamili, mahali inapopatikana, na namna inavyomgusa mwananchi ambaye hana mpango wa kukanyaga chuo kikuu chochote.

Kuskani si kuhifadhi

Mfano ambao husimuliwa kwa wanafunzi wengi wa fani hii unatoka Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1085 Mfalme William aliamuru ardhi na mali za ufalme wake ziorodheshwe, na kazi hiyo ikafanyika mwaka 1086. Orodha hiyo iliandikwa kwa wino juu ya ngozi za wanyama, ikaitwa Domesday Book, nayo ingali inasomeka hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la utangazaji la BBC liliandaa toleo jipya la kisasa. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanafunzi wa shule, walichangia habari na picha za maeneo yao, na kazi yote ikatiwa katika diski kubwa za kusomwa kwa miali ya leza. Haikupita miaka 16 kabla ya wataalamu kuanza kuhangaika: diski zilikuwepo, lakini mashine za kuzisoma zilikuwa zimebaki chache mno. Ilihitajika kazi ya utafiti ya vyuo vikuu viwili, Leeds na Michigan, kuiokoa. Ngozi ya mnyama ilidumu miaka 900. Diski ilianza kuwa kitendawili kabla mtoto aliyechangia hajafikisha umri wa miaka 30.

Mtu asiseme hayo ni ya Ulaya. Tanzania nayo ina mfano wake. Kumbukumbu za utawala wa Wajerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, ziliandikwa katika zama zile zile ambazo boma la Biharamulo lilikuwa likitumika kama ngome ya utawala. Anayejua Kijerumani na mwandiko wa wakati huo bado anaweza kuketi akazisoma. Lakini ofisi iliyoandika barua zake kwa kompyuta katika miaka ya 1990 na kuzihifadhi katika diski laini, je, leo inacho chombo cha kuzifungua? Kompyuta nyingi za sasa hazina hata tundu la kuingizia diski hiyo.

Faili la kompyuta hufa kwa njia zaidi ya moja. Chombo chenyewe huharibika: flashi hupotea au hukataa kusoma, diski kuu hukwama, simu huanguka mtoni. Hiyo ndiyo njia inayofahamika na wote, nayo ndiyo rahisi kuzuia. Njia nyingine ni fomati kupitwa na wakati, kama ilivyokuwa kwa diski za BBC. Faili liko salama, lakini programu iliyoliandika haipo tena. Kisha kuna kifo kisichopiga kelele, nacho pengine ndicho kinachoua kumbukumbu nyingi kuliko vyote: faili lipo, linafunguka vizuri, ila hakuna ajuaye ni la nini.

Inafaa kukaa hapo kidogo. Chukulia picha ya ukurasa wa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, iliyopigwa kwa simu na kuhifadhiwa kwa jina ambalo simu yenyewe imelitoa, yaani herufi tatu na tarakimu nane. Picha haisemi ni kijiji gani, ni mkutano wa robo gani ya mwaka, nani aliipiga, wala kama kuna ukurasa wa pili. Aliyeipiga anajua yote hayo. Akihamishwa kituo, anaondoka na maarifa hayo kichwani, na mara nyingine anaondoka na simu yenyewe. Baada ya miaka 10 picha hiyo itakuwa sawa na karatasi iliyookotwa njiani. Wataalamu huyaita maelezo yanayopaswa kuambatana na kila faili kwa jina la metadata: jina la kumbukumbu, tarehe, mwandishi, mahali, uhusiano wake na kumbukumbu nyingine, na nani anaruhusiwa kuiona. Neno ni geni, kazi si ngeni. Mhudumu wa masjala anayeandika namba na kichwa cha habari juu ya jalada anafanya jambo hilo hilo, na amekuwa akilifanya tangu kabla ya kompyuta kufika wilayani.

Kinachofundishwa

Mwanafunzi wa uzamili katika fani hii hafundishwi tu kutumia kompyuta. Hufundishwa kwanza kuamua. Si kila kumbukumbu hustahili kutunzwa milele, na ofisi inayolimbikiza kila kitu hatimaye haipati chochote inachokitafuta. Nchini Tanzania maamuzi hayo yana msingi wake katika Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, inayosimamiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Kumbukumbu za umma huteketezwa kwa utaratibu, si kwa uamuzi wa mtu aliyechoka na vumbi. Kufuta folda nzima ili kompyuta iwe nyepesi ni kuteketeza kumbukumbu, ingawa hakuna moshi unaoonekana.

Hufundishwa pia kuthibitisha kwamba faili halikuguswa. Kuna hesabu ambayo kompyuta huifanya juu ya faili zima na kutoa alama fupi ya herufi na tarakimu. Ikibadilishwa hata herufi moja ndani ya faili, alama inayotoka huwa tofauti kabisa. Mtunzaji huihifadhi alama hiyo siku faili linapopokelewa, kisha huirudia hesabu kila baada ya muda na kulinganisha. Inafanya kazi ya lakiri juu ya bahasha: haimzuii mwizi, lakini humfichua.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka likutane na mahakama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini katika kupima uzito wake inataka iangaliwe jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isibadilishwe. Kwa maneno mengine, mwenye picha ya daftari la ardhi katika simu yake ana kitu, lakini swali la kwanza atakaloulizwa ni lile analolijua mtunza kumbukumbu: imekuwa mikononi mwa nani muda wote huo?

Zipo fomati zilizobuniwa kwa ajili ya kudumu. PDF/A, iliyotangazwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005, hubeba ndani yake kila kinachohitajika ili waraka uonekane vile vile katika kompyuta yoyote, zikiwemo aina za herufi zilizotumika. Upo pia mwongozo mkuu unaojulikana kwa namba ISO 14721, ulioandaliwa na mashirika ya anga za juu, ambayo yana hazina kubwa ya taarifa za setilaiti zinazopaswa kubaki zinasomeka kwa vizazi. Mwongozo huo una sharti moja ambalo hata ofisi ya kijiji ingeweza kulizingatia: mtunzaji lazima ajue anamtunzia nani, na kumbukumbu ibaki inaeleweka kwa watu hao bila ya kumtafuta aliyeiandika. Ukirekodi wazee wa Kihangaza au Kisubi wakieleza mipaka ya zamani ya malisho, kisha ukaacha rekodi bila jina la msemaji, bila tarehe na bila muhtasari wa Kiswahili, umetunza sauti tu.

Nakala ni somo linaloeleweka upesi. Kanuni inayofundishwa ni nakala zisizopungua tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na jengo. Umuhimu wa hiyo ya mbali ulionekana tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani ulipoingia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, na kuunguza ukumbi wa Maktaba ya Jagger. Takriban vitabu 70,000 vya mkusanyiko wa masomo ya Afrika viliteketea. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu ya hazina iliyokuwa ghorofa za chini, ingawa maji ya kuzimia moto nayo yaliziingia. Chuo hicho hicho ni miongoni mwa vichache barani Afrika vyenye shahada ya uzamili inayohusu mahususi utunzaji wa makusanyo ya kidijitali. Elimu haizuii moto. Kilichokuwa kimekwisha kutengenezewa nakala ya kidijitali ndicho kilichobaki kusomeka kesho yake.

Arusha na ng'ambo ya Rusumo

Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo, kazi hii ina mfano wa karibu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia mauaji nchini Rwanda. Tarehe 8 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo makao yake yalikuwa Arusha. Miongoni mwa waliofikishwa mbele yake ni Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, upande wa pili wa mto Kagera. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2004, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikakigeuza kuwa cha maisha.

Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kumbukumbu zake hazikufungwa. Karatasi, vielelezo, rekodi za sauti na za video za ushahidi uliotolewa kwa Kinyarwanda na kutafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, vyote vimo mikononi mwa taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zake, katika majengo ya Lakilaki, Arusha, yaliyozinduliwa mwaka 2016. Hapo ndipo ugumu wa fani hii unapoonekana wote kwa pamoja. Kanda za video huchakaa hata zisipochezwa, hivyo ni lazima zihamishiwe katika mafaili. Mafaili ni makubwa na lazima yahakikiwe. Na juu ya yote, baadhi ya mashahidi waliahidiwa kwamba majina na sura zao hazitafahamika. Mtunzaji akifungua faili lisilopaswa kufunguliwa, anaweza kuhatarisha uhai wa mtu anayeishi kijijini kwa utulivu leo. Akilifungia lote, mjukuu wa aliyeuawa hatajua kilichosemwa. Kuamua kati ya hayo mawili, ukurasa kwa ukurasa na dakika kwa dakika, ni kazi ya aliyesomea.

Kwa kiwango kidogo, uamuzi huo huo upo katika zahanati. Rejesta ya wagonjwa ikiingizwa katika mfumo, anayeiona si muuguzi wa zamu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde na asizitumie kwa jambo lisilokusudiwa. Utunzaji mzuri, basi, ni pamoja na kujua nani asione.

Wapi elimu hii inapatikana

Afrika Mashariki haikuanza jana. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere, Uganda, mwaka 1963, na kwa miaka mingi iliwafundisha wakutubi wa nchi zote tatu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya, kina kitivo cha sayansi ya habari kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, kinachofundisha hadi ngazi ya uzamili na uzamivu. Nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya uzamili katika masomo ya habari, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha ukutubi na usimamizi wa habari kwa utaratibu unaomwezesha mtumishi kusoma akiwa kazini. Katika vyuo vingi utunzaji wa kidijitali hufundishwa kama sehemu ya shahada pana zaidi. Anayetaka shahada inayohusu jambo hilo peke yake huangalia nje, kama Cape Town au Uingereza, ambako baadhi ya vyuo hufundisha kwa masafa na ambako ufadhili wa Jumuiya ya Madola huombwa kila mwaka.

Si lazima mtu awe amesomea kompyuta katika shahada ya kwanza. Walioingia katika fani hii duniani wametokea historia, sheria, ukutubi, lugha na uhandisi. Mtumishi wa umma hutakiwa kupata kibali cha mwajiri kabla ya kwenda masomoni, na ni vyema maombi yake yaeleze tatizo halisi la ofisi yake atakalolifanyia utafiti. Tasnifu juu ya uhai wa kumbukumbu za ardhi vijijini ingeisaidia wilaya ya mpakani kuliko tasnifu kumi juu ya maktaba za miji mikubwa.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita naye ana njia, ingawa ni ndefu. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, Bagamoyo, na Chuo cha Utumishi wa Umma hutoa mafunzo ya ngazi za awali katika kumbukumbu. Kutoka hapo mtu hupanda hadi stashahada, shahada, na hatimaye uzamili. Kazi ya masjala imekuwa ikidharauliwa kuwa ni ya kubeba mafaili. Dharau hiyo ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mwananchi aliyeambiwa arudi kesho kwa sababu jalada lake halionekani.

Yanayowezekana kabla mtaalamu hajafika

Hakuna anayetazamia kila kijiji kiwe na mwenye shahada ya uzamili. Hata hivyo sehemu ya elimu hiyo haihitaji cheti. Muhtasari unapopigwa picha, jina la faili libadilishwe papo hapo: jina la kijiji, aina ya kikao, mwaka, mwezi na siku, kisha namba ya ukurasa. Mwaka ukitangulia mwezi na mwezi ukatangulia siku, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Picha zihamishwe kutoka simu binafsi kwenda kompyuta ya ofisi, na nakala iende mahali pengine. Kishikwambi kinapobadilishiwa kazi au mtumiaji, kilichomo kihamishwe kwanza na kuhakikiwa ndipo kifutwe. Mtumishi anayehama akabidhi mafaili na nywila za ofisi kwa maandishi, kama anavyokabidhi muhuri na funguo.

Na daftari la karatasi lisitupwe. Picha ya daftari ni msaidizi wa daftari. Mpaka ofisi iwe na uwezo wa kuthibitisha na kutunza faili kwa miongo, karatasi iliyowekwa mahali pakavu, mbali na ukuta unaopanda mchwa, ingali miongoni mwa vyombo vinavyoaminika zaidi.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Mwenye hatimiliki ya kimila anaweza kufika ofisi ya kijiji na hati yake mkononi, akamwomba Mtendaji wa Kijiji alinganishe naye namba ya hati, jina na mipaka na yale yaliyoandikwa katika rejesta. Kosa la herufi moja katika jina hurekebishwa kwa urahisi wakati mwenye shamba, jirani zake na aliyeandika wote wangali hai. Anayetunza picha za zamani za kijiji, za ujenzi wa shule, za mikutano au za kambi za wakimbizi za miaka ya 1990, aandike nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, majina ya waliomo na mwaka. Wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa mbele.